Pua ya Bosi, Sinki Langu

Jumamosi, 2 Machi

Mvua imeanza leo na mama mkwe ameingia leo. Sisemi kimoja kimeleta kingine. Nasema tu vimepita mlango mmoja, vyote vikidondosha maji kwenye sakafu niliyotoka kuipiga deki.

Amekuja kutusaidia kulea, maana mke wangu anarudi dukani Jumatatu. Mtoto ana miezi minne na ana jina zuri kwenye cheti, lakini hapa nyumbani tunamwita Bosi, kwa kuwa akiita, watu wazima wanakimbia. Bosi ana mafua. Tangu juzi pua yake inatoa kitu ambacho mimi, dobi wa hoteli kwa miaka yote hii, sijapata kukiona kwenye shuka la mtu yeyote. Kilianza kama maji, kikawa mfano wa wanga tunaokazia kola za mashati, na sasa ni kijani na kinavutika. Mke wangu anakifuta kwa kidole kitupu. Mimi natumia pembe ya taulo, uso nimeugeuzia dirishani.

Mama hakuvua hata viatu. Alimpokea mjukuu, akamchungulia puani, akamlaza mapajani, akaweka mdomo wake juu ya ile pua na kuvuta. Nilisikia. Ni sauti ya mtu anayemalizia supu kwenye bakuli. Kisha akainuka taratibu, akaenda kwenye sinki, sinki ninalopigia mswaki, akatema.

Chakula cha jioni nilikiacha mezani. Mke wangu amenicheka mpaka machozi. Anasema hata yeye alilelewa hivyo na pua yake iko pale pale. Nilipoanza kulalamika akanirushia daftari hili. "Yale usiyoweza kumwambia mama, mwambie huyu," akasema. Basi ndiyo hivyo. Mtu hamjibu mama mkwe, humwandika.

Jumapili, 3 Machi

Mvua. Ametema mara mbili asubuhi. Nimepiga mswaki jikoni.

Jumanne, 5 Machi

Kazini nimekosea kwa kuwasimulia. Msimamizi wetu, mama mmoja asiyejua kunong'ona, ameniuliza mbele ya watu iweje nishike mashuka ya wageni nisiowajua, yenye mambo tusiyoyataja, halafu nione kinyaa makamasi ya damu yangu mwenyewe. Nilimjibu kwamba kati yangu na mashuka ya wageni kuna glavu, kuna mashine na kuna maji ya moto. Kati yangu na Bosi hakuna kitu. Akasema hiyo ndiyo maana ya mtoto. Alisema huku anatafuna, na kila alichotafuna nilikiona.

Alhamisi, 7 Machi

Mafua yamemshukia kifuani. Akilala anakoroma kama mashine yetu ya pili ya kazini pale maji yanapogoma kutoka. Ukimwekea kiganja mgongoni unahisi kitu kinatembea ndani, kinapanda na kushuka, na hakuna aliye na haraka ya kukitoa.

Mama naye ameingia kazini rasmi. Nimerudi jioni nikakuta nyumba inanuka toka kwenye ngazi. Vipande vya kitunguu amevitia ndani ya soksi za mtoto, vimelowana na kugeuka rangi ya maji ya mtaro. Kitunguu saumu amekiponda kwenye mafuta, akakipasha moto, akamchua nacho nyayo. Bafuni ameweka ndoo ya maji yanayotokota, akakaa naye ndani, mlango umefungwa na chini yake pamezibwa kwa taulo. Nilipofungua ulinipiga usoni mvuke wenye harufu ya kitunguu na nepi. Kutani kulikuwa na matone. Kwenye mswaki wangu kulikuwa na matone.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, jasho linamtiririka kidevuni na kumdondokea mtoto kichwani. Aliniambia, "Karibu, baba. Kinalainika." Nilisema ahsante, Mama. Nilifunga mlango nikaenda kusimama mvuani.

Ijumaa, 8 Machi

Tumempeleka kliniki, mimi ndiye niliyeshikilia. Daktari ni binti mwenye mikono ya baridi na maneno machache. Alisikiliza kifua, akasema mapafu ni safi, haya ni mafua tu na njia za mtoto ni nyembamba. Tumtilie matone ya maji ya chumvi puani, yale ya kununua, tumvute kwa pampu ndogo ya mpira kabla ya kunyonya, anyonye kidogo kidogo mara nyingi, na tumbebe wima. Asipakwe kitu, asinyweshwe kitu, na ndoo ya maji ya moto isimkaribie, ameshaona walioungua. Akikataa kunyonya, au mbavu zikiwa zinaingia ndani anapovuta pumzi, tuje mbio.

Pampu ya mpira. Nilitamani kumkumbatia yule binti. Hatimaye kuna kitu kati yangu na Bosi.

Jioni mke wangu alikaa na mama yake sebuleni. Mimi nilikuwa koridoni nikijifanya napiga pasi, shati moja, mara nne. Alimweleza kwamba daktari amekataza dawa zote. Kisha akashusha sauti na kumweleza la pili, nililomtuma mimi: kwamba sinki ni la watu kupigia mswaki, lisichafuliwe. Nilingoja kelele. Mama alisema tu, "Sawa, mwanangu. Nyumba ni yenu." Akaenda kutupa vitunguu.

Jumatatu, 11 Machi

Sinki linang'aa. Sijaona tone tangu Ijumaa. Mchana, tukiwa kazini, Bosi anashinda vizuri na maziwa anayamaliza, ndivyo Mama anavyosema. Pampu inafanya kazi. Nimepiga mswaki mahali pangu nikiimba.

Jumanne, 12 Machi

Asubuhi mke wangu alikuwa ameshatoka, Mama yuko bafuni, Bosi akaamka amekabwa. Pampu ilikuwa kwenye kikombe chake na ndani yake niliona kitu cha jana. Kimeganda, kina rangi mbili. Mkono ulikataa.

Kwenye begi langu la kazini nina kikopo cha mafuta ya kuchua, yale makali, kwa ajili ya mgongo. Nikamgusishia kidogo tu kwenye ukosi wa fulana, chini ya kidevu, ili ile harufu imfungue. Kidogo tu. Daktari alikataza kumpaka mtoto, hakutaja nguo.

Jumatano, 13 Machi

Mvua bila kupumzika. Ukosini, kidogo tu.

Alhamisi, 14 Machi

Nguo za Bosi nafua mimi, kwa mkono, kwenye karai lake peke yake. Sijamruhusu mtu. Leo nimeitandaza fulana kwenye mwanga wa dirisha na nikaona doa kifuani. Si maziwa, maziwa huacha ukingo wa njano. Si mate. Ni mafuta, yameenea kwa mzunguko kama yanavyoenea pale kiganja kinapochua. Nikanusa. Mafuta ya kuchua.

Ukosini najua kuna doa, hilo nalifahamu, ni langu. Nazungumzia la kifuani.

Nikaenda kutazama kikopo changu. Kimepungua hadi nusu na ndani kuna alama za vidole viwili. Mimi nachota kwa kimoja. Basi kuna mkono wa mtu hapa, na ni mkono unaonuka kitunguu saumu. Mbele yetu "sawa, mwanangu", nyuma yetu anaingia kwenye begi la mkwewe na kumpaka mtoto kitu alichokatazwa na daktari. Nimekaa naye mezani usiku huu. Ametafuna nyama, akauchambua mfupa kwa kucha, akanisogezea kipande kizuri. Nimekila kwa sababu ya heshima.

Ijumaa, 15 Machi

Doa jingine, mgongoni. Bosi anakoroma kuliko juzi na pua inamwaga. Mama ananitazama usoni na kunisalimia bila wasiwasi wowote. Mtu wa namna hiyo anaweza kukuibia shuka ukiwa umelilalia.

Jumamosi, 16 Machi

Siku mbaya, mwanzo hadi mwisho.

Asubuhi nilimulika tochi ndani ya pampu. Bora nisingefanya hivyo. Ndani kulikuwa na ukoko wa siku zote hizo, tabaka juu ya tabaka, na chini kabisa kitu cheusi chenye vinyweleo. Hiki ndicho tunachomwingizia mtoto puani. Nikaichukua hadi kazini, nikaizamisha kwenye pipa la dawa ya kung'arishia, pamoja na vitambaa vya meza vya harusi. Ninavyojua mimi, hakuna uchafu unaotoka mzima kwenye pipa lile.

Pampu ilitoka nyeupe kama jino. Ilikuwa ngumu pia, na nilipoibonyeza ikapasuka ubavuni. Duka la dawa lilikuwa limefungwa nilipofika. Nimeirudisha kwenye kikombe chake, upande uliopasuka umegeukia ukutani. Jumatatu nitanunua nyingine kabla mtu hajajua.

Jioni nikamwambia mke wangu yote kuhusu madoa. Nilimtolea fulana mbili, nikamwonyesha mizunguko. Nilisema mama yake ni mwongo na simtaki nyumbani kwangu akimharibu mtoto wangu. Nilitegemea anibishie. Hakunibishia. Alizikunja zile fulana, akazikunjua, akazikunja tena.

"Huenda alipaka kidogo tu," akasema.

Nikamwambia kidogo au kingi, kesho aondoke. Aliingia chumbani kwa mama yake akakaa huko muda mrefu. Hakukuwa na sauti ya ugomvi. Alipotoka alilala akinipa mgongo.

Jumapili, 17 Machi

Ni jioni, naandika kwenye benchi la kliniki.

Mama aliondoka asubuhi. Begi lake lilikuwa tayari mlangoni kabla sijaamka na kitanda amekitandika kwa pembe kali, kama anavyotandika mtu wa hoteli. Hakununa. Aliniambia, "Pua yake iangalie kabla hajanyonya, baba." Mimi nikasema safari njema. Mke wangu alimsindikiza hadi kituo cha mabasi, akaniachia maziwa aliyokamua kwenye chupa. Nilimgusishia Bosi kidogo tu ukosini ili asinisumbue, nikaketi.

Mvua ikawa ile ya kufunga barabara. Bosi akaamka na njaa. Nikampa chupa, akavuta mara mbili, akaiachia, akalia. Nikampa tena. Akinyonya hawezi kupumua, akipumua hawezi kunyonya, na kila akilia yanazidi kumjaa. Nikachukua pampu. Nilibonyeza na kuachia, ikapuliza hewa pembeni kwenye ule ufa, fyuu, basi. Nikachukua pembe ya taulo. Taulo linafuta kilichotoka nje, halileti cha ndani.

Kisha akaacha kulia, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Matundu ya pua yalikuwa yakitanuka na kufunga. Nilimfungua fulana. Chini ya mbavu ngozi ilikuwa inaingia ndani, inatoka, inaingia. Nilimpigia mke wangu simu, nikasikia mvua na honi, na yeye akisema kwamba yeye na Mama wamekwama garini, daraja limejaa maji, wanashuka waje kwa miguu, nimpeleke kliniki, nisingoje. Hadi kliniki ni mwendo wa kupita soko zima. Nilimtazama Bosi na Bosi akanitazama, mdomo wazi, midomo imepauka. Asingevuka soko zima akiwa hivi.

Sitaandika kwamba upendo ulinijaa. Nilichojaa ni kichefuchefu. Nilimlaza mapajani kama nilivyomwona Mama akifanya, nikajikaza kisabuni, nikafumba macho, nikaweka mdomo.

Kilikuja kwa mkupuo. Kilikuwa cha vuguvugu na kizito, kikaingia kwenye meno, kikakaa chini ya ulimi kama kinanijua. Kilikuwa na chumvi. Na nyuma ya chumvi kulikuwa na ladha nyingine, kali, ya kuunguza, nikaitambua kabla sijafika kwenye sinki. Ni mafuta ya kuchua. Ya kikopo changu, niliyopaka ukosini, yamepanda kwenye pua yake na kukaa humo. Nikatema, nikatapika, nikarudi. Nikavuta tena. Tundu la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza. Mara ya tatu Bosi alipiga chafya na yote yaliyosalia nikayapokea usoni, mengine jichoni. Akavuta pumzi ndefu yenye sauti, akaanza kulia kwa nguvu zake zote. Sikujifuta. Nilimfunika na koti la kazini nikakimbia.

Kliniki walimvuta kwa mashine, wakamwekea hewa kidogo, rangi ikamrudia. Mke wangu alifika amelowa chapachapa, na nyuma yake Mama, begi kichwani, viatu mkononi. Yule yule daktari wa mikono ya baridi aliinama, akamnusa Bosi kifuani, akainuka.

"Nani amempaka?"

Nilimtazama Mama. Daktari akayafuata macho yangu.

"Ni mimi," alisema mke wangu. Alilia akisema. Kila jioni akirudi dukani, kifuani na mgongoni, kidogo tu, kama alivyopakwa yeye utotoni. Alikitoa kikopo kwenye begi langu. Aliona vibaya kushinda mbali na mtoto mchana kutwa halafu arudi asimfanyie chochote.

Hapo ningeweza kunyamaza. Nilisema, "Na mimi. Asubuhi. Kwenye ukosi."

"Na bibi?"

"Mimi niliambiwa niache, nikaacha," alisema Mama.

Daktari alitueleza kwa utulivu ulioniumiza kuliko matusi. Mafuta yale ni makali kwa pua ndogo, huichokoza, nayo hujibu kwa kutoa makamasi zaidi na kuvimba. Tulikuwa tunaujaza mtungi ule ule tuliotaka kuumwaga. Mimi dobi nilisoma madoa yote sawasawa. Doa linakwambia kilichomwagika, halikwambii nani kamwaga.

Jumanne, 19 Machi

Tumerudi nyumbani. Kifua bado kinakoroma ila ananyonya. Kikopo nimekitupa, pampu mpya imenunuliwa, na begi la Mama bado liko mlangoni, halijafunguliwa.

Mchana mke wangu alilala, nikabaki na Mama sebuleni. Sijui namna ya kumwomba mama mkwe msamaha. Mtu humtuma mjomba au mzee fulani, na mimi sina wa kumtuma. Nilianza kwa kuuliza kitu kingine. Nilimuuliza mbona mchana kutwa mtoto alishinda vizuri na maziwa anayamaliza, na sisi tukirudi ndipo anakabwa.

"Nilikuwa namvuta," akasema.

"Kwa pampu?"

"Kile kidubwana sikukiweza, baba. Kwa mdomo." Alikuwa anamfunga Bosi kifungo. "Daktari alikataza dawa. Mdomo si dawa."

Nikamwambia kwamba sinki lilikuwa safi. Nilikuwa nalikagua kila nikirudi, na sikuona kitu hata siku moja.

"Si ulisema lisichafuliwe?" Alisema bila kinyongo, kama mtu anayeeleza jinsi alivyokunja nguo. "Nikawa nameza."

Niliwaza siku zote zile, asubuhi, mchana na alasiri, mimi nikiimba na mswaki mdomoni mbele ya sinki langu linalong'aa. Niliinuka nikalibeba lile begi, nikalirudisha chumbani kwake, nikarudi na kusimama mbele yake. Maneno yaliyotoka hayakuwa yale niliyoyapanga.

"Mama," nikamwambia, "tafadhali, tema."

Jumamosi, 30 Machi

Mvua, lakini nyepesi. Mama ametema mara mbili asubuhi, mimi mara moja. Nimesuuza sinki, nimepiga mswaki.